Programu Inayongoja: Historia ya Kujifunza Kutunga Violesura vya Kompyuta ya Mezani

Historia ya violesura vya picha, yaani madirisha, vitufe, menyu na vishale ambavyo kwavyo mtu huiamuru kompyuta ya mezani, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya mashine na ya makampuni yaliyoziuza, na katika masimulizi hayo watu waliolazimika kujifunza kuvitunga violesura hivyo huachwa pembeni. Hata hivyo ugumu mkubwa ulikuwa upande wao. Programu za zamani ziliandikwa kwa kudhani kwamba mtunzi ndiye mwenye kuamua mpangilio wa mambo: programu ilianza kwenye mstari wa kwanza, ikauliza swali, ikangoja jibu la swali hilo na si la jingine, ikakokotoa, ikachapisha matokeo na kukoma. Programu yenye madirisha haiwezi kwenda hivyo, kwa kuwa mtumiaji anaweza wakati wowote kubofya kitufe chochote, kufungua menyu yoyote, kulivuta dirisha au kulifunga kabisa, na kila tendo kati ya hayo, ambalo wataalamu huliita tukio, linapaswa kupata jibu. Kwa hiyo mtunzi hana budi kuandika programu ambayo sehemu kubwa ya maisha yake haifanyi kitu ila kungoja, na ambayo utaratibu wa kazi zake umo mikononi mwa mtu asiyemjua. Vitabu, lugha na zana nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa fani hii tangu miaka ya 1970 zinaweza kusomwa kama majaribio ya kulifundisha jambo hilo moja, au ya kulificha.

Vyanzo vya mbali vya fani hii havikuwa na wanafunzi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alikamilisha katika chuo cha MIT programu ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora mistari na maumbo moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta ya TX-2 kwa kutumia kalamu ya nuru, na tarehe 9 Desemba 1968 Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu waliokusanyika San Francisco matumizi ya kipanya, kifaa ambacho mfano wake wa kwanza, wenye kasha la mbao, ulitengenezwa na mwenzake Bill English. Waliojua kuziandikia programu mashine hizo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa walewale waliozibuni au waliofanya kazi chumba kimoja nao, hivyo haja ya kumfundisha mtu wa nje haikuwepo.

Haja hiyo ilizuka Palo Alto, California, katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC kilichoanzishwa mwaka 1970. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa hapo mwaka 1973, ilikuwa na skrini ya nukta 606 kwa 808, na kila nukta iliweza kuwashwa au kuzimwa na programu peke yake, jambo lililofanya herufi, picha na mipaka ya madirisha kuwa vitu vya aina moja machoni pa mtunzi. Alan Kay, mmoja wa watafiti wa kituo hicho, aliamini kwamba kompyuta ya binafsi ingekuwa chombo cha watoto cha kufikiria na kubuni, na kwamba mtoto hangekuwa na mamlaka nayo mpaka aweze kuiandikia programu mwenyewe. Kwa imani hiyo yeye, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao waliijenga lugha ya Smalltalk, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1972. Watoto wa shule za Palo Alto walifundishwa lugha hiyo, na baadhi yao walitunga programu zao wenyewe za kuchora. Ni jambo la kukumbukwa kwa heshima kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kujifunza kutunga violesura vya picha walikuwemo watoto, kwa maana vitabu vilivyoandikwa miaka kumi baadaye vilimchukulia msomaji kuwa ni mhandisi aliyekomaa, na hata hivyo vilimtesa.

Smalltalk iliazima wazo lake kuu kutoka Simula, lugha iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuiga ndani ya kompyuta mienendo ya mambo halisi kama foleni na kazi za viwandani. Wazo hilo ni la objekti, yaani kipande cha programu kinachotunza habari zake chenyewe na kinachojua kufanya kazi fulani kinapoletewa ujumbe. Halikubuniwa kwa ajili ya madirisha, lakini liliyafaa madirisha kuliko utaratibu wowote uliotangulia, kwa kuwa dirisha nalo lina hali yake, yaani mahali lilipo, ukubwa wake na maandishi yaliyomo, na linakaa kimya mpaka liletewe habari kwamba limebofywa. Mwanafunzi aliyeanza na objekti alikuwa tayari nusu ya njia kuelekea kwenye fikra ya kungoja.

Nusu ya pili ilielezwa na Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa amefanya kazi ya programu za usanifu wa meli na upangaji wa shughuli za viwanda vya meli, na ambaye alikaa PARC kama mgeni kati ya mwaka 1978 na 1979. Tatizo lililomshughulisha lilitokana na uzoefu wake: mpango wa kuunda meli ni mkusanyiko mkubwa wa habari, na meneja, fundi na mhasibu kila mmoja anataka kuuona kwa namna yake na kuurekebisha kwa namna yake. Katika maandiko mafupi ya mwaka 1979 alipendekeza programu igawanywe sehemu tatu. Ya kwanza ni kielelezo, yaani habari zenyewe pamoja na kanuni zake, ambacho hakijui lolote kuhusu skrini. Ya pili ni mwonekano, unaozichora habari hizo. Ya tatu ni kidhibiti, kinachopokea vitendo vya kipanya na kibodi na kuvigeuza kuwa maombi kwa sehemu nyingine. Kielelezo kinapobadilika, mionekano yote inayokitegemea hupashwa habari na kujichora upya, hata ikiwa mmoja ni jedwali na mwingine ni grafu. Mgawanyo huo, unaojulikana duniani kwa herufi MVC, uliingia katika Smalltalk-80 na tangu hapo umefundishwa, umebadilishwa na kufasiriwa vibaya mara nyingi, lakini thamani yake kwa mwanafunzi haijapungua, kwa sababu kosa la kawaida la kila anayeanza, la kuandika hesabu zote za biashara ndani ya msimbo wa kitufe, ndilo hasa lililokusudiwa kuzuiwa.

Xerox ilitoa mashine yake ya biashara, Star, mwaka 1981, lakini haikuwa mashine ya watu kujifunzia. Umma wa watunga programu uliingia katika fani hii kupitia Macintosh ya Apple, iliyozinduliwa tarehe 24 Januari 1984 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na skrini ya nukta 512 kwa 342. Ndani ya kumbukumbu yake ya kudumu ya kilobaiti 64 zilipangwa funksheni zaidi ya 400, yaani vipande vya programu vyenye majina ambavyo mtunzi aliweza kuviita ili kuchora maumbo, kufungua dirisha au kuonyesha menyu. Kiini cha uchoraji, QuickDraw, kilikuwa kazi ya Bill Atkinson. Mwanzoni kabisa Macintosh haikuweza kutumika ipasavyo kuandikia programu zake yenyewe, hivyo mtu aliyetaka kujifunza alihitaji pia kompyuta ya Lisa, iliyokuwa imeuzwa kwa dola 9,995 ilipotoka mwaka 1983. Mwongozo wa Macintosh, uitwao Inside Macintosh, ulioandikwa na Caroline Rose na wenzake, ulisambazwa kwanza katika rasimu na kisha ukachapishwa kama kitabu mwaka 1985. Ni kazi ya uandishi wa kiufundi iliyo safi mno, lakini ugumu wake ulikuwa katika asili ya mambo: dirisha halikueleweka bila matukio, matukio hayakueleweka bila menyu, na menyu hazikueleweka bila madirisha, kiasi kwamba msomaji alipaswa kukisoma kitabu kizima kabla ya kuielewa sura ya kwanza.

Ndani ya programu ya Macintosh kulikuwa na kitanzi, yaani kipande cha msimbo kinachorudiwa bila kikomo, ambacho kila mara kiliuliza mfumo kama kuna tukio jipya. Tukio likiwa ni kubofya, programu ililazimika kuuliza tena limebofywa eneo gani: kwenye upau wa menyu, kwenye kichwa cha dirisha, kwenye kisanduku cha kufungia, au ndani ya dirisha lenyewe. Hata kulivuta dirisha, kitendo ambacho mtumiaji alikiona kuwa cha kompyuta, hakukuwezekana mpaka programu itambue ombi hilo na kuita funksheni yake. Mwanafunzi wa wakati huo aliona kila kitu, na hakuweza kudanganyika kuhusu nani anayemngoja nani.

Kwa upande wa Windows, iliyotolewa na Microsoft tarehe 20 Novemba 1985, mwalimu mkuu alikuwa kitabu cha Charles Petzold, Programming Windows, ambacho toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1988 na ambacho wasomaji wake waliongezeka sana baada ya Windows 3.0 kutoka Mei 1990. Wengi wao walitoka kwenye lugha ya C, ambayo kitabu chake cha mwaka 1978 kilizoesha ulimwengu kuanza na programu ya mistari michache inayochapisha salamu. Salamu hiyohiyo katika dirisha la Windows ilihitaji makumi ya mistari, na urefu huo ukawa mfano uliotajwa kila mara kuonyesha ubaya wa mfumo. Lawama hiyo haikuwa ya haki kabisa. Mistari ile mingi ilisajili aina ya dirisha, ikaliunda, ikaanzisha kitanzi cha kuchukua ujumbe kutoka kwenye foleni na kuukabidhi, na mwishoni ikaeleza funksheni moja ambayo programu yenyewe haikuiita mahali popote. Hapo ndipo wanafunzi walipokwama. Funksheni hiyo iliitwa na Windows, kila mara dirisha lilipokuwa na jambo la kujibu, na mtu aliyezoea kuwa mwito wa funksheni hutoka kwake kwenda kwenye mfumo alilazimika kukubali kwamba sasa mwito unatoka kwenye mfumo kuja kwake.

Petzold alisisitiza pia funzo la pili, ambalo pengine ni zuri zaidi, nalo ni kwamba dirisha halikutunza picha yake. Dirisha moja lilipofunikwa na jingine na kisha kufunuliwa, mfumo haukukumbuka kilichokuwa kimechorwa hapo. Uliitumia programu ujumbe wa kuitaka ichore upya. Kwa hiyo mtunzi hapaswi kuchora pale anapojisikia kuchora, bali ahifadhi habari zinazotosha kuichora picha nzima wakati wowote atakapoombwa, na hapo fikra ya Reenskaug ya kutenga habari na mwonekano inarudi kwa mlango mwingine, ikifundishwa na lazima ya mashine badala ya nadharia. Isitoshe, katika Windows 3.0 programu ziligawana kichakataji kwa hiari: ile iliyoingia katika hesabu ndefu bila kurudi kwenye foleni ya ujumbe ilizisimamisha nyingine zote, na kosa la mwanafunzi mmoja liliigandisha kompyuta nzima.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakitafuta njia ya kuuondoa mzigo huo. HyperCard ya Bill Atkinson, iliyotolewa na Apple mwaka 1987, ilimruhusu mtu asiye mtaalamu kuweka kitufe kwenye kadi na kukiandikia maagizo machache yaliyokaribia Kiingereza cha kawaida. Mfaransa Jean-Marie Hullot alitengeneza zana iliyokuja kuitwa Interface Builder, ambayo ndani yake kiolesura hakikuandikwa hata kidogo bali kilipangwa kwa kipanya, kisha vitufe vikaunganishwa na objekti kwa kuvuta mstari kutoka kimoja hadi kingine. Ilijumuishwa katika kompyuta za NeXT, na kwa kompyuta hizo Tim Berners-Lee aliandika huko CERN mwaka 1990 programu ya kwanza ya kuvinjari wavuti. Alan Cooper naye alikuwa amebuni mfumo wa kujenga skrini kwa kuburuta vipande vilivyo tayari, akamwonyesha Bill Gates mwaka 1988, na Microsoft ikauunganisha na lugha ya BASIC, lugha iliyobuniwa katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964 mahususi kwa wanafunzi. Matokeo yake yalikuwa Visual Basic, iliyotolewa mwaka 1991.

Ni vigumu kutia chumvi katika kueleza badiliko lililoletwa na zana hiyo. Mtu alivuta kitufe akakiweka kwenye fomu, akakibofya mara mbili, na mbele yake pakafunguka nafasi tupu ya kuandika kitakachotokea kitufe kikibofywa. Kitanzi, foleni na usajili wa dirisha havikuonekana popote. Wahasibu, walimu na makarani ambao wasingefika sura ya pili ya kitabu cha Petzold walitunga programu zilizoendesha ofisi zao. Delphi ya Borland, iliyoongozwa na Anders Hejlsberg na kutolewa mwaka 1995, ilifuata njia hiyo kwa lugha ya Pascal na kwa kasi kubwa ya utendaji. Afrika Mashariki nayo ilifikiwa na wimbi hilo: katika shule za sekondari za Kenya, ambako mtihani wa KCSE wa somo la kompyuta unamtaka mtahiniwa atengeneze mfumo mdogo mzima kama mradi wake, Visual Basic na hifadhidata ya Access zilikuwa miongoni mwa zana zilizotumiwa sana, na kwa vijana wengi fomu yenye vitufe ndiyo ilikuwa programu yao ya kwanza kuonekana na mtu mwingine.

Lakini kilichofichwa hakikuondoka. Mwanafunzi wa Visual Basic aliyeandika ndani ya kitufe kazi ya kusoma rekodi nyingi aliona dirisha lake likigeuka jeupe na kukataa kujibu, na hakuna kitu katika mafunzo yake kilichomweleza sababu, ambayo ni kwamba kitanzi kilichofichwa kilikuwa kikingoja msimbo wake umalize. Lugha hiyo ilikuwa na amri ya DoEvents, iliyouruhusu mfumo ushughulikie ujumbe uliorundikana kisha urudi kwenye kazi, na Delphi ilikuwa na ya kwake inayofanana nayo. Amri hizo zilienea kama dawa isiyo na maelezo: zilipachikwa katikati ya vitanzi na watu wasiojua zinafanya nini, mpaka siku mtumiaji alipobofya kitufe kilekile mara ya pili wakati kazi ya kwanza haijaisha, na kazi mbili zikaingiliana ndani ya hifadhidata moja. Hukumu ya haki ni kwamba Visual Basic ilifungua mlango ambao ulipaswa kufunguliwa, na kwamba vitabu vyake vingi viliwanyima wasomaji kurasa tano tu ambazo zingewaeleza kilichokuwa nyuma ya mlango huo.

Upande wa mfumo wa Unix palikuwa na njia ya katikati. John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990 maktaba ya Tk, ambamo kitufe kiliundwa kwa mstari mmoja wa lugha ya Tcl bila kuvuta chochote kwa kipanya, na baadaye maktaba hiyo iliunganishwa na Python kwa jina la Tkinter, ambalo hadi leo ndilo lango la wengi. Mwanafunzi wa Tkinter huandika mwishoni mwa programu yake mwito wa kuanzisha kitanzi. Hakitungi yeye, lakini anakiona na analazimika kukitaja. Huko Norwe, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ambao walipata wazo lao walipokuwa wakitunga programu ya picha za kitabibu za mawimbi ya sauti iliyopaswa kufanya kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows, walitoa Qt kwa umma mwaka 1995. Somo lake la utangulizi lilikuwa na hatua kumi na nne, likianza na kitufe kimoja chenye salamu na kuishia kwenye mchezo wa mzinga unaorusha kombora, na katika kila hatua liliongezwa wazo moja tu juu ya yale yaliyotangulia. Pengine hakuna somo la fani hii lililopangwa kwa subira zaidi.

Tk na Qt zilifundisha pia kwamba vipande vya dirisha visipangwe kwa vipimo vya nukta bali kwa uhusiano wao, kitufe kikijitanua kulingana na maandishi yake. Tangu Macintosh ya kwanza, kwa kazi ya Bruce Horn, maandishi ya menyu na ujumbe yalitengwa na msimbo ili yatafsiriwe bila kuigusa programu yenyewe, na watunzi wa programu huria za Unix walikuwa na faili zao za tafsiri kwa lengo hilohilo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi hiyo iliwezekana kwa sababu watunzi waliotangulia walikuwa wamejifunza somo hilo. Fomu iliyopangwa kwa nukta, yenye maneno yaliyoandikwa ndani ya msimbo, isingepokea lugha nyingine bila maneno kukatwa ukingoni mwa vitufe.

Kompyuta zilipopata uwezo wa kuendesha nyuzi kadhaa ndani ya programu moja, yaani mifuatano ya maagizo inayokwenda sambamba, ilionekana kwamba tatizo la dirisha kuganda limepata suluhisho: kazi ndefu ipewe uzi wake. Kanuni mpya ikazaliwa papo hapo, kwamba uzi unaoendesha kitanzi ndio pekee unaoruhusiwa kugusa vitufe na madirisha, kwa kuwa nyuzi mbili zikichora kwa wakati mmoja matokeo hayatabiriki. Walimu wenyewe hawakuielewa mara moja. Katika maktaba ya Swing ya lugha ya Java, iliyoingia rasmi katika toleo la mwaka 1998, mafunzo ya awali yaliruhusu madirisha kuundwa kwenye uzi wa kuanzia programu mradi hayajaonyeshwa, na baadaye ushauri huo ukabadilishwa ili hata kuunda kufanywe kwenye uzi wa matukio, hivyo mifano mingi iliyokuwa imechapishwa vitabuni ikawa na kosa. Kanuni hiyo ilivuka kutoka kompyuta za mezani hadi simu, ambazo kwa vijana wengi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ndizo kompyuta za kwanza, na mwaka 2011 waundaji wa Android 3.0 waliacha kutegemea vitabu: programu inayojaribu kufanya mawasiliano ya mtandao kwenye uzi wa kiolesura huangushwa na mfumo wenyewe, na kosa hilo likaingia katika orodha ya yale ambayo mwanafunzi hukutana nayo katika wiki zake za mwanzo.